Friji la Mtu Usiyemjua

Juma hili nataka tuzungumzie biashara moja ambayo siku hizi imeingia karibu kila nyumba ya mjini. Mtu ana friji, au kochi, au cherehani, au godoro la tano kwa sita. Labda anahamishwa kikazi kwenda Mwanza, labda mtoto anadaiwa ada, labda amenunua jipya. Zamani angemwambia jirani, au angemwita dalali. Leo anachukua simu yake, anapiga picha tatu, moja ya mbele, moja mlango ukiwa wazi, moja ya nyuma kuonyesha kompresa, anaandika "linapoza vizuri, nauza kwa sababu nahama", anatangaza kwenye intaneti, na kabla chai haijapoa watu sita wameshauliza: "Bado lipo?" Wa saba hana haja ya kuuliza kama lipo. Yeye anauliza, "Mwisho ngapi?"

Wako wanaosema kwamba hili ni jambo jipya, limeletwa na vijana na simu zao. Mimi nasema si jipya hata kidogo. Ni wazo la zaidi ya miaka 400, na tangu siku ya kwanza limesumbuliwa na swali lile lile. Swali lenyewe si mnunuzi atapatikana wapi. Mnunuzi hupatikana. Swali ni hili: watu wawili wasiojuana wakikutana kuuziana kitu, nani anasimama katikati yao kuwa shahidi, na huyo shahidi analipwa na nani?

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1580 bwana mmoja wa upande wa Bordeaux, Michel de Montaigne, alichapisha kitabu cha insha ambacho kinasomwa mpaka leo. Moja ya insha hizo ni fupi mno, unaimaliza kabla hujakaa vizuri. Anaeleza wazo la marehemu baba yake, Pierre Eyquem, aliyepata kuwa meya wa Bordeaux. Mzee huyo hakuwa msomi, bali mtu wa busara ya maisha. Aliona kwamba katika kila mji pangefaa kuwe na mahali panapojulikana, akae karani mwenye daftari, na mwenye shida afike aandikishe. Huyu ana lulu za kuuza, yule anatafuta lulu za kununua. Huyu anatafuta mtumishi, yule anatafuta bwana wa kumtumikia. Huyu anakwenda Paris na anataka mwenzi wa safari.

Sasa sikilizeni sababu aliyoitoa Montaigne, maana ndiyo inayonigusa mimi. Hakutaja faida wala biashara. Alitaja wanazuoni wawili wa zama zake, mmoja wa Italia na mmoja wa Ujerumani, waliokufa katika ufukara mbele ya macho ya watu, na akasema wako maelfu ambao wangewaita majumbani mwao kwa heshima, laiti wangejua. Basi tangazo dogo, hili la "nauza" na "natafuta", lilifikiriwa mwanzoni kama huruma. Mwenye shida na mwenye uwezo wapo mji mmoja, wanapishana njiani, na hakuna wa kuwaambia.

Aliyelitia wazo hilo mikononi alikuwa mganga, Théophraste Renaudot, aliyezaliwa Loudun mwaka 1586. Mnamo mwaka 1630, kwa ulinzi wa Kardinali Richelieu, alifungua ofisi yake mjini Paris, kwenye kile kisiwa cha katikati ya mto Seine. Ukifika, unalipa sou 3, sarafu ndogo, karani anaandika unachouza au unachotafuta. Maskini aliandikiwa bure. Mwaka 1631 Renaudot huyo huyo akaanzisha gazeti, na watu wengi humkumbuka kwa gazeti hilo tu, lakini mwaka 1633 alikuwa tayari anachapa na karatasi yenye orodha ya vitu vilivyoandikishwa ofisini kwake: mashamba, nyumba, samani, nguo. Kwa hiyo, msikilizaji, gazeti na tangazo dogo walilelewa nyumba moja. Kumbukeni hilo, maana tutakuja kuona walivyoachana.

Mwaka 1637 akaongeza shughuli nyingine, kukopesha fedha kwa rehani ya vitu vya nyumbani. Hapo ndipo maadui zake, hasa matabibu wa Chuo Kikuu cha Paris, walipopata pa kumshikia. Walikuwa na chuki yao ya kazi, kwa kuwa alitibu maskini bure. Richelieu alipokufa mwishoni mwa mwaka 1642, na mfalme mwaka uliofuata, Renaudot akabaki bila mlinzi, na mwaka 1644 Mahakama Kuu ya Paris ikampiga marufuku kutibu na kukopesha kwa rehani. Gazeti lilibaki.

Uingereza nayo ililiiga wazo hilo. Mwaka 1650 Henry Robinson alifungua ofisi ya namna hiyo London, katika mtaa wa Threadneedle. Haikuvuma sana. Lakini London ilikuja kutoa mtu mwingine ambaye kila anayeuza au kununua kitu kilichotumika ingefaa ajue habari zake. Aliitwa Jonathan Wild.

Wild alikuwa na ofisi ya kutafuta mali iliyopotea. Ukiibiwa saa yako, unakwenda kwake, unalipa ada ya kuandikishwa, unaeleza saa ilivyo. Baada ya siku chache, kwa bahati iliyoje, saa "imeokotwa", unatoa zawadi, unaichukua. Alitangaza magazetini pia, kwa lugha safi kabisa, kwamba kitu fulani "kilichopotea" mtaa fulani kikirudishwa, zawadi itatolewa na hapana swali litakaloulizwa. Watu wakamwona mtu mwema. Kumbe wezi wengi walikuwa wake mwenyewe! Wao wanaiba, yeye anaandikisha mali kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mkono wa pili, na yule mwizi anayekaidi anapelekwa na Wild huyo huyo mbele ya hakimu akanyongwe. Bunge lilipotunga sheria mwaka 1718 ya kumwadhibu anayepokea fedha ili kurudisha mali ya wizi bila kumkamatisha mwizi, watu walijua inamlenga nani. Hata hivyo aliendelea kwa miaka kadhaa. Hatimaye aliponzwa na lesi, ile ya kushonea nguo. Alipokea guinea 10 kwa kuirudisha kwa mwenyewe, na kwa kosa hilo akanyongwa mwezi Mei mwaka 1725.

Nimemweleza kwa kirefu kwa sababu maalumu. Wild hakuwa kasoro ya tangazo dogo, alikuwa kivuli chake. Pale tu mji unapopata mahali ambapo kitu cha mtu asiyejulikana kinaweza kumfikia mtu asiyejulikana, mwizi naye anapata soko. Na walioelewa hivyo mapema ni ndugu wawili, Henry na John Fielding. Henry alikuwa mwandishi. Mwaka 1743 alitoa riwaya nzima ya kumdhihaki Wild. Kisha akawa hakimu katika mtaa wa Bow, na mwaka 1750 yeye na nduguye wakafungua ofisi yao ya kuandikisha wanaouza na wanaonunua, wenye nyumba na wapangaji, mabwana na watumishi. Asubuhi anahukumu wezi, na jina lake liko kwenye ofisi ya matangazo. Wakati huo huo akawa anawahimiza walioibiwa wapeleke kwake maelezo ya mali zao, yachapwe gazetini, ili wauza vitu vilivyotumika na wenye maduka ya rehani wasiseme hawakujua. Soko na shahidi katika mkono mmoja.

Baada ya hapo kazi ile ikachukuliwa na magazeti, na kwa muda wa miaka 200 na zaidi yaliifanya vizuri. Gazeti la The Times la London lilijaza ukurasa wake wa kwanza matangazo madogo mpaka mwezi Mei mwaka 1966, habari zenyewe ulizikuta ndani. Na tusidharau lile dirisha la matangazo la ofisi ya gazeti. Karani alikuuliza jina, anwani, akahesabu maneno, akapokea fedha, akakupa stakabadhi. Kelele zikizuka, polisi walijua pa kuanzia.

Sisi wa pwani hii hatukuwa tumekaa tukingoja gazeti. Tulikuwa na mnada na tulikuwa na dalali, na maneno yote mawili yalikuja na majahazi ya Waarabu. Kunadi ni kuita kwa sauti. Kitu kinapandishwa bei mbele za watu, na kila aliyekuwapo ni shahidi. Dalali kazi yake ni tofauti, ya kunong'ona. Kule Ghuba, katika biashara ya lulu, mnunuzi na muuzaji walishikana mikono chini ya kitambaa, wakataja bei kwa kubanana vidole, waliosimama pembeni wasijue kitu. Leo ukiona tangazo la kabati lisilo na bei, limeandikwa "bei njoo inbox", ujue kitambaa kile hakijaondolewa. Mimi binafsi sikipendi. Anayeficha bei anataka kwanza aone viatu vyako.

Lakini dalali wa mtaani, pamoja na lawama zote, na pamoja na "cha juu" anachotia, alikuwa na jambo moja. Alikuwa na kwao. Friji likifa baada ya siku tatu, unajua kibaraza anachokaa, unajua msikiti anaoswali au kanisa analosali, unamjua na shangazi yake. Cha juu kile ndiyo ilikuwa malipo ya shahidi.

Wazee wenzangu wa Dar es Salaam watakumbuka jinsi kitu kilichotumika kilivyokuwa na thamani katika miaka ya 70 na ya 80 mwanzoni. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ilizuia hata uingizaji wa kompyuta na televisheni. Friji na jiko la umeme vilipatikana zaidi kwa mgeni anayemaliza mkataba na kurudi kwao, na tangazo lake lilikuwa karatasi iliyopigwa chapa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Usipokuwa na ndugu anayefanya kazi ofisi hiyo, hukuiona. Halafu ukaja mwaka 1983, vita dhidi ya uhujumu uchumi vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Vilikusudiwa walanguzi, lakini hofu iliingia hata kwa wasio walanguzi. Watu walitupa mali usiku ili wasikutwe nazo. Mwaka ule kila mwenye kitu kizuri ndani alijifunza thamani ya kipande cha karatasi kinachoeleza alikipata wapi.

Turudi ng'ambo, maana huko ndiko gazeti na tangazo dogo walikoachana. Mwaka 1995, mjini San Francisco, fundi wa kompyuta aitwaye Craig Newmark alianza kuwatumia marafiki zake barua za kompyuta kuwaarifu shughuli za mjini. Watu wakaongeza vyumba vya kupanga, kazi, makochi. Mwaka 1996 orodha ile, Craigslist, ikawa tovuti, mwaka 2000 ikafika Boston, kisha miji mamia. Mwenye nyumba anayeuza kochi lake halipi kitu. Sura yake ni maandishi matupu, utadhani ubao wa ofisi ya kata. Lakini ubao ule uliangusha majumba. Mwaka 2000 magazeti ya Marekani yalipata dola bilioni 19 na ushei kwa matangazo madogo, kiasi cha asilimia 40 ya mapato yao yote ya matangazo. Kufika mwaka 2009 yalipata kama dola bilioni 6. Wachunguzi wawili, Robert Seamans na Feng Zhu, walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2007 watangazaji waliokoa dola bilioni 5 kwa sababu ya Craigslist peke yake.

Kwa muuza kochi hiyo ni neema, wala simlaumu. Lakini kochi lile ndilo lililokuwa likimlipa mwandishi wa kukaa mahakamani kutwa nzima na kuhudhuria vikao vya halmashauri. Wafanyakazi wa vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani walikuwa 71,000 mwaka 2008. Mwaka 2020 walikuwa 31,000. Hayakusababishwa na tangazo dogo peke yake, lakini lilikuwamo. Na pamoja na mwandishi, akaondoka yule karani wa dirishani aliyeuliza jina na anwani.

Mwingine aliona pengo hilo mapema. Mwaka huo huo wa 1995 Pierre Omidyar, aliyezaliwa Paris kwa wazazi kutoka Iran, alianzisha mnada wa intaneti uliokuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, tena mbovu, kwa dola 14 na senti 83. Mwaka 1996 akaweka utaratibu wa kila mnunuzi kumsema muuzaji hadharani, na muuzaji kumsema mnunuzi. Ndiyo asili ya nyota hizi tunazopeana. Na eBay haikuwa ya bure, ilikata chake. Mnaona? Shahidi alirudi, na cha juu chake kikarudi.

Kwetu, matangazo ya namna hii yalishika kasi baada ya nyaya za chini ya bahari kufika, ile ya SEACOM mwaka 2009, na simu za bei nafuu kuenea. OLX ilikuja na matangazo mengi Kenya na kwingineko, kisha mwaka 2019 biashara yake katika Kenya, Uganda, Tanzania, Nigeria na Ghana ikanunuliwa na Jiji, kampuni iliyoanzia Nigeria. Vikundi vya Facebook na WhatsApp vikachukua sehemu yao, na hapo ndipo penye matapeli. Yupo anayeweka picha ya friji la watu, anaomba "ya kushikia" itumwe kwa simu, ukituma tu hapatikani tena. Yupo anayeuza kitu kilichotoka dirishani kwa mwenzako jana usiku.

Huyo wa pili ndiye wa kuogopa zaidi. Wa kwanza anakula fedha zako, basi. Wa pili anakupeleka mahabusu. Kanuni ya Adhabu, hapa kwetu na Kenya pia, inamwadhibu anayepokea mali ya wizi huku akijua, na ukikutwa na kitu kinachodhaniwa cha wizi unatakiwa ueleze ulikipataje. Mwenye mali akijitokeza, mali ni yake. Fedha zako kamtafute aliyekuuzia. Unamtafuta kwa jina gani, "Mdau wa Sinza"?

Marekani miji kadhaa imetenga sehemu kwenye maegesho ya vituo vya polisi, zenye taa na kamera, ili wanaouziana kwa intaneti wakutane hapo. Ndugu Fielding wangefurahi. Sisi tuna njia yetu, na niliiona mwaka jana nilipouza friji langu. Kijana mmoja alikuja na mjomba wake na fundi. Fundi aliliwasha, akasikiliza, akagusa nyuma, akatikisa kichwa kukubali. Bei tulipatana. Halafu kijana akasita.

"Shikamoo tena mzee," akasema. "Usinielewe vibaya. Naomba tuandikishane kwa mjumbe."

"Marahaba. Kwani una shaka na mimi?"

"Sina mzee. Ila mimi ni mpangaji. Wenye nyumba wakiniona naingiza friji usiku, kesho wakija polisi nitasema nimelinunua kwenye simu?"

Tukaenda. Mjumbe akafungua daftari la shule, akaandika jina langu, jina lake, namba za vitambulisho, aina ya friji, namba iliyobandikwa nyuma, bei, tarehe. Mjomba akatia sahihi, fundi akatia sahihi. Kijana akalipa kwa simu, na kabla hajabonyeza mara ya mwisho alilisoma kwa sauti jina lililotokea, akalilinganisha na kitambulisho changu. Nilimpa mjumbe fedha ya soda. Bajaji ya mizigo ilikuwa inangoja nje, na dereva wake alikuwa anapiga honi, akisema mvua inakuja na yeye hana turubai.